Kigae cha Mwalimu Zadock

Habari hii nimepewa na Metrine, mtoto wa ndugu yangu, mwisho wa mwezi wa nane mwaka wa themanini na nane, siku aliyofika kwangu Kondele akitoka Seme na kapu la simsim. Metrine ni nesi wa zahanati moja huko Seme. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, lakini hakutaka kulala kabla ya chai. Nilipofunua kapu nikaona juu ya simsim pamelazwa kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, chenye tundu, na tunduni imepitishwa kamba ya katani.

"Hiki nacho? Siku hizi mnatibu watu kwa vigae?"

"Kiweke polepole, senge," akasema. Sisi Wabukusu shangazi ni senge. "Hicho nimevishwa shingoni na mwalimu mzima. Mimina chai nikwambie."

Akaniambia, na mimi naandika kama alivyosema.

Metrine amepanga chumba katika boma la mwalimu mstaafu anayeitwa Zadock, na mke wake Seline. Zadock alifundisha Kiingereza maisha yake yote katika shule za upande ule. Watu wazima wa pale karibu wote walipita mikononi mwake, na wote wanakumbuka kibao. Hata sisi tulioishia madarasa ya chini tunakijua kibao. Mtoto akisikika shuleni anasema lugha ya kwao, anavishwa kipande cha mbao shingoni. Anatembea nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea vilevile, amvishe yeye. Jioni, yule aliyebaki nacho ndiye anayechapwa. Mimi nilikivaa siku nyuki aliponiuma nikamwita mama kwa Kibukusu, kana kwamba mtu akiumwa na nyuki anachagua lugha.

Lakini Zadock akifika nyumbani, alivua viatu na Kiingereza pamoja, akaviacha mlangoni. Seline hakwenda shule. Ana Kijaluo chake, na Kiswahili cha sokoni anachouzia vyungu, kwa maana kazi yake ni kufinyanga. Kwa Kijaluo ndiko walikopendana, wakagombana, wakazika, wakalea. Na Zadock hakumwita Seline. Alimwita nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kwa kuwa kwao ni Uyoma, na wanaume wa Kijaluo ndivyo wanavyowaita wake zao. Seline lilikuwa jina la kanisani.

Mwezi wa pili mwaka huo Zadock alianguka akinyoa ndevu. Kiharusi. Alilazwa hapa Kisumu, akarudishwa Seme akiburuta mguu wa kulia, mkono umelegea, mdomo kimya. Seline alimlisha kama mtoto na kumsemesha siku nzima, akimpa habari za ng'ombe, za majirani, za mvua, bila jibu. Halafu asubuhi moja alimpelekea uji, na Zadock akainua macho, akafungua mdomo, akasema wazi kabisa, "Thank you, madam."

Seline alicheka. Alifikiri mzee amepona na utani wake umerudi naye. Madam ndivyo wanavyoitwa walimu wa kike kule shuleni. Akamjibu kwa Kijaluo, haya mwalimu, kunywa uji. Zadock akajibu tena kwa Kiingereza. Mpaka jioni, Kiingereza. Kesho yake, Kiingereza. Kicheko kikamwisha Seline, akaja kugonga mlango wa Metrine.

"Nesi, njoo umsikilize mzee wangu. Ameamka mtu mwingine."

Metrine alikaa naye, akamwuliza hili na lile. Zadock alikuwa anasikia yote anayoambiwa, Kijaluo hata Kiswahili. Alikuwa anajua kitu gani anataka kujibu. Lakini alimwambia Metrine kwa Kiingereza, na jasho likimtoka, "Najua ninayemwita. Nikifungua mlango, anatoka mgeni."

"Daktari mmoja alinieleza," Metrine akaniambia. "Hutokea, senge. Ugonjwa unapiga kichwa, unaziba njia ya lugha moja, unaacha ya nyingine. Ile aliyozaliwa nayo inajificha, ile ya kujifunza inabaki imesimama peke yake kama ukuta wa nyumba iliyoungua."

Nikamwuliza, sasa yale maneno yalikwenda wapi. Akasema hata daktari hajui, ila hayakutoka nje ya kichwa.

Majirani hawakuwa na daktari wa kuwaeleza hivyo. Walikuwa na kumbukumbu ya kibao. Wa kwanza kukasirika alikuwa Dishon, mdogo wake Zadock, mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa sauti kubwa, ambaye naye alipita darasani kwa kaka yake. Alikuja kumjulia hali, akaketi, akasalimu kwa Kijaluo. Zadock akaitika kwa Kiingereza.

"Mwalimu," Dishon akasema, "mimi ni ndugu yako, si mkaguzi wa shule."

Zadock akajaribu tena. Kiingereza kikatoka kirefu zaidi.

"Nilivaa kibao chako nikiwa na kaptura. Sasa nina wajukuu. Unataka nikivae tena, hapa kwa baba yetu?"

Akaondoka bila kunywa maji. Sokoni akasema ndugu yake ameamua kufa Mzungu. Wengine wakaongeza kwamba lugha aliyowachapia watoto imemkimbia yenyewe. Wageni wakapungua, mpaka boma likawa la watu watatu na kuku.

Seline hakubishana na mtu. Siku moja tu, akikanda udongo, alimwambia Metrine bila kuinua kichwa:

"Mimi sitaki mengi. Kiingereza akae nacho, si kibaya, kimetulisha. Lakini kabla mmoja wetu hajaenda chini, nataka aniite. Mara moja tu, kama zamani. Huyo madam ni nani? Simjui. Nasikia kama ana mke mwingine humu ndani, na mimi ndiye ninayempikia."

Metrine akachuchumaa, akamsaidia kukanda.

Sasa, ndani ya nyumba kulikuwa na chungu cha maji. Seline alikifinyanga mwaka alioolewa, kikubwa, cheusi kwa uzee, kimewahi kupata ufa shingoni akakitoboa tundu ukingoni akakifunga kwa kamba. Kilikuwa cha zamani kuliko watoto wao wote. Mchana mmoja wa mwezi wa nne Zadock alitaka kujichotea maji mwenyewe. Mkono mlegevu ukagonga, chungu kikabingirika kutoka kwenye mafiga yake, kikaanguka. Metrine alisikia mpaka chumbani kwake. Alipofika, maji yalikuwa yamejaa sakafuni, vigae vimesambaa hadi chini ya kitanda, na Zadock amesimama katikati akitazama. Seline amejishika kiuno mlangoni.

Zadock akasema neno moja. "Shatter."

Akalirudia, polepole, kama mtu anayeonja. Halafu Metrine akaona jambo ambalo hakuwa ameliona tangu mzee arudi kutoka hospitali. Mgongo ulinyooka. Macho yalipata moto. Alikuwa amesimama mbele ya darasa.

Akaanza kusema, na Metrine akawa anamgeuzia Seline kwa Kiswahili, maana Kijaluo anakisikia tu, hakisemi, wote watatu miguu ndani ya maji.

Alisema: neno hilo ndilo Waingereza wanalotumia kitu kikivunjika vipande vipande kwa ghafla, kioo, chungu, mfupa, hata moyo. Lakini zamani sana halikuwa na maana hiyo. Wazee wao wa kale walikuwa na neno moja la kutawanya, kama unavyotawanya mbegu, au ndege wanavyotawanyika ukirusha jiwe. Hawakufikiria kuvunja. Walifikiria kutawanya tu. Halafu watu wa kaskazini, waliochanganyika na wageni waliokuja na mashua kutoka ng'ambo, wakawa wanalitamka kwa ukavu. Wa kusini wakalitamka kwa ulaini. Miaka ikaenda, mamia ya miaka. Matamshi mawili yakawa maneno mawili, yakagawana kazi kama ndugu wanavyogawana shamba la baba. La kaskazini, "scatter", likachukua mbegu na ndege na watu. La kusini, "shatter", likachukua vioo na vyungu.

"Kwa hiyo," Metrine akamalizia, "neno la kuvunjika, lenyewe lilivunjika."

Seline akaangalia vigae vilivyotawanyika chini. Akauliza, "Nani aliona hayo?"

"Anasema alifundishwa chuoni. Yameandikwa kwenye kamusi kubwa."

"Na kabla ya hao wazee wa kale, neno lilitoka wapi?"

Metrine akauliza. Zadock akafungua kiganja cha mkono ulio mzima, kikawa kitupu. Akasema hapo vitabu vyote vinanyamaza. Hakuna ajuaye.

"Watu husema maneno hawajui yalikotoka," Seline akasema, "na bado wanaelewana." Akashusha sauti, kama aliye kanisani. Kisha akainama kuokota.

Metrine alidhani anaviokota ili akavitupe. Seline aliokota hata vigae vidogo kama kucha, akavitia kwenye kikapu. Nje akaweka jiwe la kusagia, akaanza kuvitwanga. Zadock alimfuata akiburuta mguu, akaketi kwenye kiti chake, akauliza kwa Kiingereza anafanya nini. Metrine akafasiri. Seline akajibu kwa Kijaluo, mzee akasikia mwenyewe.

Alijibu kwamba udongo mtupu hauwezi moto. Chungu cha udongo mtupu hupasuka kikichomwa. Lazima utwange chungu kilichokufa, uchanganye unga wake na udongo mpya, kwa sababu ule unga umeshapita motoni na haushtuki tena. Hivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na wa kwake. Hakuna chungu alichowahi kufinyanga ambacho hakikuwa na kingine ndani.

Zadock akauliza: na kile kilichovunjika leo?

"Nilikitia vigae vya chungu cha bibi yangu. Na bibi sijui alitia vya nani."

Metrine akaniambia mzee alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba amekunywa maji ya chungu kile miaka yote ya ndoa na hakuwahi kuuliza. Wamekaa hivyo, mmoja na maneno yake, mmoja na vyungu vyake, na kila kimoja kina cha zamani ndani, hakuna mwisho wake ukienda nyuma. Metrine aliposikia hayo, aliyageuza kwa Kiswahili kadiri alivyoweza. Seline alisimamisha jiwe mkononi, akamtazama mumewe kama mtu aliyempita njiani mara nyingi na leo ndiyo wamesalimiana.

Kisha Zadock akanyoosha mkono kikapuni, akachukua kigae cha ukingo, kile chenye tundu. Akaonyesha kwa ishara anataka kamba. Seline akampa ya katani. Kwa mkono mmoja na meno akaipitisha, akaifunga, akajivika shingoni.

"Anafanya nini?" Seline akashtuka. "Nesi, kichwa kimeharibika tena?"

Metrine alikuwa ameshaelewa. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio.

"Amevaa kibao, mama. Amesema lugha isiyo ya hapa nyumbani."

Tangu siku ile hakukivua. Alikula nacho, alikwenda nacho kanisani, kigae kimening'inia juu ya tai. Habari zikamfikia Dishon. Alikuja akisingizia kurudisha jembe. Akamwona kaka yake kivulini, kigae kifuani.

"Nani kamvisha?" akamwuliza Metrine.

"Kajivisha."

"Kwa kosa gani?"

"Kusema Kiingereza nyumbani kwa baba yenu."

Dishon alisimama na jembe mkononi. Metrine anasema ilichukua muda, uliona jambo likimwingia kidogo kidogo kama maji kwenye udongo mkavu, kwamba mzee hakuwa anaringa, alikuwa amefungiwa ndani. Akaliegemeza jembe ukutani. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kaka yake mpaka magoti yakagusana.

"Mwalimu," akasema, "sheria ya kibao unaijua, uliileta wewe. Hukivui mpaka umsikie mwingine akikosea. Na mimi sitakusaidia, mimi Kiingereza changu ulikimaliza mwenyewe kwa fimbo."

Zadock alicheka mpaka machozi. Dishon akamgeukia Metrine.

"Wewe nesi ndiye uchunge shingo yako."

Baada ya hapo watu walirudi. Walikuja kuona kigae, wakabaki kusikiliza. Mzee akawa kila alasiri anafundisha neno moja la Kiingereza, lilikotoka na lilikopitia, Metrine akifasiri kama hayuko zamu. Seline alifinyanga akisikiliza. Chungu kipya kikasimama, kikakauka kivulini, kikachomwa, hakikupasuka. Lakini mzee alibaki kumwita madam. Seline alimwitikia kila mara, na kila mara, Metrine anasema, aliitikia baada ya kumeza mate kwanza.

Ikafika wakati wa simsim. Simsim ina masharti. Ukiivuna mapema ni maganda matupu, ukichelewa maganda yanafunguka yenyewe shambani na mbegu zinamwagika ardhini. Mwaka huo Seline alichelewa kwa ajili ya mgonjwa. Alipokwenda shambani, maganda ya chini yalikuwa yameanza kufungua midomo. Alikata na Dishon, wakafunga miganda, wakaibeba wima hadi nyumbani, wakitembea kama watu waliobeba maji yaliyojaa pomoni. Wakatandika mkeka mkubwa uani. Zadock akaomba kiti chake kiwekwe ukingoni mwa mkeka, na Seline akampa mganda mmoja aushike kwa mkono mzima, kichwa chini.

Aliushika tu, hakuupiga. Mbegu zikaanza kuanguka zenyewe.

Akasema kwa Kiingereza, na Metrine akafasiri: kuna maana moja sikuwaambia. Wakulima wa Kiingereza nao hulitumia neno lile. Nafaka ikikomaa ikaanza kumwaga mbegu zake, husema ime-shatter. Hakuna aliyeipiga. Hakuna aliyeiangusha. Imefunguka kwa sababu iko tayari, na vitabu vinasema neno lilianzia karibu na hapo, kwenye kutawanya. Mimi nimefundisha kuvunjika maisha yangu yote, nikaonyesha watoto kioo na kikombe. Sikuwahi kuwaonyesha hii.

Ile sauti ndogo ya mbegu kwenye mkeka ilikuwa inaendelea, kama mvua ya mbali juu ya ziwa kabla haijafika. Zadock akainama kuisikiliza. Akautikisa mganda. Mbegu zikamwagika kwa wingi, nyeupe, zikamjaa magotini na kwenye viatu.

Akasema, "Nyim."

Simsim, kwa Kijaluo.

Dishon aliyekuwa anainua mganda mwingine alisimama nao hewani. Seline hakusogea. Zadock mwenyewe aligusa midomo yake kwa vidole, akaogopa. Kisha akatikisa tena mganda, mbegu zikaanguka, na neno likaanguka nazo. "Nyim. Nyim."

"Mzee," Metrine akamwuliza haraka kwa Kiingereza, "jaribu lingine. Hiki ni nini?" Akamwonyesha chungu.

Zadock akamtazama. Uso ukafunguka kwa ujanja ambao, Dishon anaapa, aliujua tangu utotoni. Akaivuta kamba juu ya kichwa chake, akamwashiria nesi ainame, akamvisha kigae.

"Nilikuonya," Dishon akasema. "Umesikika."

Walicheka wote, isipokuwa Seline. Seline alikuwa anangoja. Metrine anasema ilikuwa vigumu kumtazama. Alipepeta simsim kwenye ungo, mgongo umenyooka, sikio limeelekea kwa mumewe. Neno lilikuwa limetoka, lakini si lake. Dishon akamaliza miganda, akaaga, akaenda. Jua likawa kali. Zadock akachoka, wakamlaza kwenye mkeka mwingine ukumbini, akafumba macho. Ungo tu unasikika.

Halafu, macho bado yamefumbwa, Zadock akaita. "Nyar Uyoma."

Ungo ukasimama. Seline hakuitika.

Metrine mlangoni pake alifikiri hajasikia, akataka kumwambia. Seline akamwinulia kidole, nyamaza.

"Nyar Uyoma," mzee akaita tena, sasa kwa ukali kidogo.

Seline amefumba macho, machozi yanashuka, bado haitikii.

"Nyar Uyoma," mara ya tatu, kwa ile sauti ya mume anayeona anapuuzwa kwake mwenyewe. Hapo ndipo aliposema, "Eeh."

"Pi, please," Zadock akasema. Maji, kwa Kijaluo, na tafadhali, kwa Kiingereza. Hayakuwa yamepangana sawasawa.

Seline alimchotea kutoka chungu kipya. Mzee akanywa, akalala na tone kidevuni. Seline akarudi kwenye simsim yake, akachota akajaza kapu, akampa Metrine, ambaye kigae kilikuwa bado shingoni mwake. Kisha mwanamke huyo ambaye hajawahi kulala mchana akamwambia nesi amwangalizie kuku wasidonoe simsim, akajinyoosha kwenye mkeka kando ya mumewe, mbegu zimemjaa nywele, akalala hapohapo.

Hapo Metrine akanyamaza. Nilikuwa nimekishika kile kigae, nakipapasa tunduni, nafikiria bibi wa Seline na bibi wa bibi yake. Nilitaka kumwuliza kama kuku waliikula ile simsim. Nikageuka. Chai yake imebaki nusu, miguu imenyooka kando ya kapu, kichwa kimeangukia bega. Alikuwa amelala.